Bomba Likivuliwa Hita Livishwe Kofia

Hita ya maji ikiondolewa nyumbani, nyuma yake hubaki mabomba mawili: moja lililokuwa likiipelekea maji baridi, na jingine lililokuwa likishusha maji moto bafuni. Mabomba hayo hayana habari kwamba hita imeondoka. Maji yakiingia upande mmoja yatatafuta kutokea upande wa pili, na upande wa pili, baada ya hita kwenda zake, huwa ni dari, kabati la nguo au godoro la mgeni. Kuziba ncha hizo ndiyo kazi iitwayo kuvisha bomba kofia. Ni kazi ndogo. Kwa kuwa ni ndogo hufanywa ovyo, na kwa kuwa hufanywa ovyo, imeloanisha magodoro ya Kyuso kuliko mvua yoyote ya msimu.

Huenda mtu akauliza hita ya maji inatafuta nini Kyuso. Mji huu uko Mwingi Kaskazini, katika kaunti ya Kitui huko Ukambani, kwenye nyanda kavu ambako jua halihitaji kubembelezwa. Bomba jeusi likilazwa juu ya ardhi, anayefungua mfereji saa nane mchana hana budi kungoja maji yapoe ndipo anawe. Hata hivyo, alfajiri za Juni hadi Agosti zina ubaridi wake, na wageni wa kutoka Nairobi huulizia maji moto kabla ya kuulizia choo kiko wapi. Tena hita ya sola yenye mirija ya kioo, ikishapandishwa juu ya paa, huonekana tangu barabarani. Sababu hii ya mwisho haitajwi dukani, lakini haikosi kuwemo katika hesabu za mnunuzi.

Sababu za kuiondoa huja baadaye, na Ukambani ni mbili hasa. Ya kwanza ni ukame wa bomba. Mrija wa hita ya sola una kuta mbili za kioo, na kati yake hakuna hewa, ili joto lisipate njia ya kutoroka. Ukiwa na maji, joto huhamia majini. Ukikauka, joto halina pa kwenda, na mrija waweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Maji yakirudi ghafla yakiwa baridi, kioo hupasuka. Mahali ambapo mfereji huweza kukaa siku kadhaa ukitoa upepo mtupu, mirija hupata nafasi nyingi za mtihani huo, na si kila mara hufaulu.

Sababu ya pili ni chumvi. Visima vingi vya eneo la Mwingi hutoa maji ya chumvichumvi, na maji magumu yakipashwa moto huacha ukoko mweupe, uleule unaokaa chini ya birika. Ndani ya hita ukoko huo hujengeka pole pole, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ya maji moto inakuwa nyembamba na maji yanatoka kwa kudondoka. Mwenye nyumba huvumilia kwanza, kisha hulalamika, kisha huazima ngazi.

Siku ya kuishusha hita huwa na msisimko wake. Vijana hujitokeza bila kuitwa. Mmoja hushika ngazi, mmoja hupanda, na wengine watatu hubaki chini kuelekeza. Hita ikitua salama watu hupongezana, soda hununuliwa, na mabomba mawili hubaki yakichungulia kwenye ukuta bila mtu wa kuyaangalia. Mwenye nyumba akikumbuka kuyauliza, jibu la fundi huwa tayari: “Mzee, hiyo ni kavu kabisa. Wiki nzima hakuna maji. Hiyo tutaziba kesho.” Mzee hutazama ndani ya bomba kwa jicho moja, haoni maji, naye huridhika. Makosa yote yanayofuata yanatokana na jicho hilo moja.

Kosa la mwanzo ni kuziba bomba la baridi na kulidharau la moto. Hoja yake inasikika kuwa na akili: maji moto yalitoka kwenye hita, hita haipo, basi bomba la moto limekufa. Bafuni, lakini, huwa kuna mfereji wa mkono mmoja, ule unaochanganya moto na baridi. Ndani ya mfereji huo njia mbili hukutana. Mtu akiweka mkono katikati huku maji yakitoka kwa shida kwenye kichwa cha bafu kilichoziba kwa chumvi, maji baridi huona njia iliyo wazi zaidi, hupanda bomba la moto kinyumenyume, na kutokea kule ilikokuwa hita. Anayeoga huduwaa kuona maji yamepungua. Aliyelala chumba cha pili huduwaa kuona yameongezeka. Kwa hiyo mabomba ni mawili na kofia ni mbili. Hesabu hii haina mjadala.

Kabla kofia haijanunuliwa, vizibo vya kienyeji hupewa nafasi, navyo vinastahili kuelezwa kimoja kimoja.

Gunzi la mahindi ndilo kizibo kinachopatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa nyumba inayopika mahindi ya muthokoi haikosi magunzi. Ncha ya gunzi hukaribiana sana na tundu la bomba la nusu inchi, jambo lililowafanya wengi kuamini kwamba liliumbwa kwa ajili hiyo. Likilowa huvimba, na kwa siku chache za mwanzo huziba vizuri kiasi cha kumfanya aliyelitia ajisifu mbele za watu. Baadaye huoza. Lisipooza, panya hulitambua kuwa ni chakula, na usiku mmoja panya ndiye anayemfungulia mwenye nyumba maji.

Kitambaa hufuata. Kipande cha fulana ya zamani husokotwa na kusukumizwa ndani kwa bisibisi. Kitambaa hakizuii maji, huyachelewesha tu. Maji huzifuata nyuzi zake tone baada ya tone, na doa hutokea chini ya ukuta mbali na bomba, hivi kwamba watu huanza kulaumu msingi wa nyumba, mchwa, au mtoto mdogo ambaye hajaweza kujitetea.

Plastiki iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ilikuwa na heshima yake zamani. Karatasi ya plastiki hukunjwa mara nyingi juu ya ncha ya bomba, kisha ukanda wa tyubu ya baiskeli, uleule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, huzungushwa kwa nguvu. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, tawi hili la ufundi limepungukiwa na malighafi. Udhaifu wake ulikuwa wa namna mbili: jua huuchosha mpira hadi ukakatika, na maji yakija kwa nguvu plastiki hufura ikawa puto, ambalo watoto hulifurahia kwa muda mfupi sana.

Kizibo cha mti ni cha watu wenye subira. Ukambani ni nchi ya wachongaji. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Akamba kule Changamwe, Mombasa, kimekuwapo tangu 1963, na kazi za mikono yao zimefika nchi nyingi. Haishangazi basi kwamba kizibo cha mti kilichochongwa Kyuso chaweza kupendeza kiasi cha kuuziwa mtalii. Kwa bahati mbaya mti hukauka na kunywea msimu wa kiangazi, hasa pale bomba linapokaa bila maji, na kizibo hulegea kikingoja siku yake. Anayekigongomea kwa nyundo ili kisilegee hulipasua bomba lenyewe, akawa amehama kutoka tatizo la shilingi chache hadi la kubomoa ukuta.

Kizibo cha tano hakionekani: ni imani katika valvu. Valvu kuu hufungwa, watu wakasema yameisha. Valvu iliyokaa miaka bila kuguswa, ikipitisha maji ya mchanga na chumvi, hukataa kufunga hadi mwisho. Mkono huizungusha mpaka inagoma, nayo imegoma kwa sababu ya uchafu uliolala chini ya ulimi wake, huku mwanya mdogo ukibaki. Nyingine hufunga sawasawa, ila mtu mwingine wa nyumba hiyo, akikuta mfereji wa jikoni hautoi kitu, huenda akaifungua kwa nia njema kabisa.

Vizibo hivi vyote hufaulu mchana. Kushindwa kwao kwa kawaida hutokea usiku, na kuna sababu za kisayansi. Maji ya bomba ya eneo la Mwingi huchotwa kwenye bwawa la Kiambere katika mto Tana, bwawa lililokamilika mwaka 1988 kwa ajili ya kuzalisha umeme. Kutoka huko husukumwa kwa pampu na kusafiri mwendo mrefu. Njia ndefu namna hiyo ina mahali pengi pa kukatikia, na penye mgao, maji hufika kwa zamu. Usiku watu wamelala na mifereji imefungwa. Wachotaji wakipungua, shinikizo katika laini hupanda. Bomba lililokaa kavu limejaa hewa, na maji yanayorudi huisukuma hewa hiyo mbele yake. Mifereji hukohoa, mabomba hutetemeka, kisha safu ya maji hufika kwenye kizibo kwa kishindo. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali, na kizibo ndicho kinachopokea tofauti hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta shinikizo la karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la karibu sentimita 2 za mraba. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 hukisukuma kizibo kwa nguvu ya zaidi kidogo ya nusu kilo, na gunzi laweza kulihimili hilo. Laini inayoshuka kutoka tangi la kilimani, mita 30 juu ya paa la nyumba, hukisukuma kwa takribani kilo 6, bila kuhesabu kile kishindo cha kwanza. Tuseme bomba lililo wazi linajaza mtungi wa lita 20 kwa dakika moja. Likifunguka saa nane usiku na kugunduliwa saa kumi na mbili asubuhi, limemwaga mitungi 240, yaani lita 4,800. Katika kiangazi, watu wa Kyuso huweza kuyatambua maji kiasi hicho kwa idadi ya punda wanaotakiwa kuyabeba.

Kwa kawaida hayafiki asubuhi bila kugunduliwa. Mama huamka kwanza. “Baba Watoto, amka, mvua inanyesha.” Baba hujibu bila kufungua macho: “Mwezi wa Agosti?” Jibu lake humtoa kitandani: “Inanyesha ndani.” Ukambani mvua huja Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na mvua hizi za mwisho wa mwaka ndizo zinazotegemewa zaidi. Mvua ya Agosti saa nane usiku haina maelezo mengine isipokuwa bomba. Baba hukimbilia kwenye ncha ya bomba na kuiziba kwa kiganja, na akishaiziba hugundua kwamba hawezi kuondoka hapo kwenda kwenye valvu, na kwamba hakuna mwingine anayejua valvu iko wapi.

Sauti ya maji yanayomwagika husikika mbali katika nchi kavu. Kabla hakujapambazuka majirani huwa wamekwisha kufika, na pole zao ni za kweli, ingawa zimeandamana na mitungi ya manjano. “Mwaitu, pole sana kwa hasara,” husema jirani kwa mama wa nyumba. “Na haya yanayoendelea kumwagika, tunaweza kuyakinga?” Mama hana la kukataa. Foleni hupangwa dirishani, na kuna misiba michache ya nyumbani inayohudhuriwa kwa utaratibu mzuri kama huo. Wapo hata wanaomshauri baba, aliyeshika bomba tangu saa nane, asiwe na haraka.

Wasidhani wasomaji kwamba mambo haya ni ya penye shida ya maji tu. Wakenya wanaoishi Uingereza hukaa katika nyumba zenye rejeta za ukutani, mabamba ya chuma yanayopitisha maji moto ili kupasha chumba. Chombo hicho kinahusishwa na Franz San Galli, mfanyabiashara wa miaka ya 1850 huko St. Petersburg, mji ambao baridi yake haikumwachia mtu nafasi ya kuahirisha uvumbuzi. Rejeta ikiondolewa kupisha kabati, nayo huacha mabomba mawili sakafuni. Moja kati yake mara nyingi huwa na valvu inayojirekebisha kwa kufuata joto la chumba. Mtu huizungusha hadi alama ya mwisho wakati wa kiangazi, huona hakuna tone, na huamini imefunga. Kumbe valvu hiyo imetengenezwa iilinde nyumba isigande: joto la chumba likishuka hadi karibu nyuzi 6 au 7, hujifungua yenyewe. Usiku wa kwanza wa baridi kali humwaga kwenye zulia maji meusi, weusi unaotokana na kutu ya chuma kilichozungukwa na maji yaleyale kwa miaka. Kyuso maji hurudi usiku kwa mgao, London valvu hufunguka usiku kwa baridi. Katika miji yote miwili aliyedanganywa ni yule aliyeuchukua ukavu wa mchana kuwa ushahidi.

Njia sahihi huanza dukani, na dukani huanza na kipimo. Bomba la chuma liitwalo la nusu inchi halina mahali popote panapopima nusu inchi: nje lina milimita 21 na kitu, ndani karibu 16. Lile la plastiki ya PPR linalotumika badala yake lina milimita 20 kwa nje. Mnunuzi anayeonyesha ukubwa kwa kidole gumba na cha shahada hupewa kinacholingana na vidole, na vidole hubadilisha kipimo njiani, hasa vikipanda bodaboda. Dawa yake ni kwenda na kipande kilichofunguliwa kwenye hita. Muuzaji atauliza pia ncha ya bomba ina meno ya nje au ya ndani. Penye meno ya nje huvishwa kofia. Penye meno ya ndani huingizwa plagi. Anayenunua kimoja bila kujua hurudi dukani, na mwenye duka humkaribisha vizuri.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Ikiwa hita ilitumia stima, swichi yake kuu huzimwa kwanza na nyaya zilizobaki hufungwa na fundi wa stima, kwa kuwa maji na waya ulio wazi havitakiwi kukutana hata kwa bahati mbaya. Kisha valvu ya maji hufungwa, na mfereji wa chini kabisa ndani ya nyumba hufunguliwa ili bomba lijimwage. Meno ya bomba la chuma husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu na masalia ya tepu ya zamani yaishe. Halafu hufungwa tepu nyeupe ya mafundi, ambayo imetengenezwa kwa plastiki iliyogunduliwa bila kukusudiwa na mkemia Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938. Fundi akiitazama ncha ya bomba, tepu huzungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ikizungushwa kinyume, kofia ikikazwa huikunjua, na tepu hujikusanya nje ikawa ndevu. Mafundi wa zamani hutumia katani badala ya tepu, na katani si ngeni huku. Mashamba yake yako Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mwisho kofia huanzwa kwa mkono hadi ikatae, ndipo spana ikaongeza mzunguko mmoja au zaidi kidogo. Kijana mwenye nguvu nyingi asipewe spana ndefu. Kofia iliyopasuka haivuji papo hapo. Nayo hungoja usiku.

Bomba la PPR halina meno. Hukatwa, na kofia yake huunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha yenye joto la nyuzi 260. Kwa bomba la milimita 20, ncha na kofia hupashwa sekunde 5 hivi, huingizwa moja ndani ya nyingine upesi bila kuzungushwa, na kuachwa zipoe dakika 2. Sharti kuu ni ukavu: tone moja la maji likiwa njiani hugeuka mvuke na kuacha tundu dogo ndani ya kiungo. Hapa kuna kichekesho cha kazi hii, kwa sababu bomba lililokosa maji wiki nzima huanza kudondoka pale pale mashine inapopata moto. Mafundi wa nchi nyingi wana ujanja mmoja wa kukabiliana na hilo: hupachika ndani ya bomba donge la mkate mweupe, ule ulaini wake bila ganda, ukanywa matone mpaka kiungo kishike. Baadaye maji huuyeyusha na kuutoa kwenye mfereji uliofunguliwa kichujio. Ujanja huu hufaa, mradi fundi aeleze mapema, kabla mama hajauliza mkate wa chai ya jioni umekwenda wapi.

Mahali pa kuweka kofia pia pana hukumu yake. Rahisi ni kuiweka pale pale ilipokuwa hita. Bora zaidi ni kulifuata bomba nyuma hadi linapochipuka kutoka bomba kuu na kulikata hapo. Kipande kirefu kilichozibwa mwisho huwa na maji yasiyotembea, na maji yaliyolala katika joto la nyuzi 20 hadi 45 huwafaa bakteria wa Legionella, waliotambuliwa baada ya wageni wa mkutano mmoja wa Philadelphia, Marekani, kuugua mapafu mwaka 1976. Ukuta wa Kyuso unaopigwa na jua hukaa katika joto hilo bila taabu yoyote. Ikiwa kukata nyuma kunahitaji kubomoa nusu ya bafu, kipande kibakie kifupi kadiri inavyowezekana.

Baada ya kofia huja tamaa ya kuificha. Plasta hupigwa, rangi hupakwa, na katika mwaka mmoja hakuna anayekumbuka. Ukuta mtupu haukai mtupu kwa muda mrefu. Huja kalenda ya duka la hadiwea, na kalenda huhitaji msumari. Msumari wa inchi tatu hupita plasta kwa urahisi na kulikuta bomba. Kwa hiyo kabla ya kupiga plasta, bomba lipigwe picha kwa simu, likiwa na futi ya kupimia pembeni yake, na picha hiyo itumwe kwa watu wawili wa nyumba. Mmoja wao lazima asiwe yule ambaye simu yake huangukia majini.

Kinachobaki ni majaribio, na hapa ndipo Kyuso inapodai uangalifu kuliko mahali penye maji ya kila siku. Kofia iliyofungwa kwenye bomba kavu haijajaribiwa. Hata ikikazwa na fundi aliyesifiwa wilaya nzima, bado ni ahadi. Kungoja mgao ndiko kungoja saa nane usiku. Badala yake, maji ya mitungi hutiwa kwenye tangi la juu, valvu hufunguliwa polepole ili hewa itoke kwenye mfereji ulioachwa wazi, kisha mfereji hufungwa na kofia hukaushwa kwa kitambaa. Karatasi ya chooni huviringwa juu ya kofia, kwa kuwa huonyesha unyevu ambao macho hayaoni. Ikikaa kavu kwa saa kadhaa, kofia imefaulu mtihani wa tangi. Mtihani wa laini, wenye shinikizo kubwa zaidi, hufanywa siku maji yanapofika, mtu akiwa macho na valvu ikifunguliwa robo kwanza. Na kila aliye katika nyumba, kuanzia babu hadi mtoto wa darasa la nne, aonyeshwe valvu iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani.

Bei ya kofia mbili za nusu inchi haifikii bei ya kuku, hata kuku mgonjwa. Anayekusudia kushusha hita azinunue kabla ya kuazima ngazi, na soda za vijana zisifunguliwe mpaka kofia zote mbili ziwe zimekazwa na karatasi imetoka kavu.